Wimbo Alioandikiwa Mama

Alhamisi ile Mama alimng'oa mhudumu jino. Alitumia kikombe cha bati, kile kile alichonyweshewa chai dakika kumi kabla, na mkono wake wa miaka sabini na tisa ukatoka na nguvu ambazo hakuna aliyejua zilikuwa zimehifadhiwa wapi. Mhudumu, binti mpole mwenye miwani, alikuwa ameinama kumfuta mdomo. Jino lilirukia kwenye kinanda cha kwaya, na kwaya, kwa kuwa ilikuwa imefumba macho kwa hisia, iliimba nusu ubeti mwingine kabla ya kujua kwamba mambo yameharibika.

Hapo ikawa patashika nguo kuchanika. Mama alikirusha kikombe, akamnyang'anya mwimbaji wa karibu kitabu cha nyimbo akakichana, kisha akaingia na kucha kwenye uso wa kila aliyesogea. Walihitajika watu watatu kumlaza chini. Mmoja wao alikuwa Mama Pacha, mke wa mwanawe, ambaye ndiye aliyeileta kwaya pale. Aliondoka na mstari mwekundu kutoka sikioni mpaka kidevuni.

"Mama, ni mimi," alimwambia, magoti sakafuni, akiwa amembana mikono. "Ni mimi mkweo."

"Nitakuua," Mama alijibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Mama alikuwa na mwezi mmoja tu katika nyumba ile ya wazee. Wiki ya kwanza alilazwa chumbani. Alhamisi tatu zilizofuata alitolewa ukumbini kwenye ibada ya kwaya, na Alhamisi zote tatu alipiga watu.


Msimamizi wa nyumba, ambaye wote walimwita Matroni, alimpigia simu mwana wa Mama aje kesho yake asubuhi. Mwana huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa milango na madirisha, mwenye mabega mapana na maneno machache. Alikuja na ovaroli yake ya kazi, yenye matundu ya cheche kifuani. Matroni aliitazama ovaroli, akakitazama kiti chenye kitambaa cheupe, akachukua gazeti akalitandaza juu ya kiti.

"Karibu ukae, Fundi."

Fundi alikaa juu ya gazeti. Damu ilimpanda usoni. Nje ya mlango, kwenye benchi la ukutani, alikuwa ameketi yule mhudumu, pamba mdomoni. Wakati wa kuingia Fundi alimpa pole na binti akamjibu, "Si neno, baba," na herufi zikampitia penye pengo.

"Siku sita mama yako ni malaika," Matroni alisema. "Anakula, analala, anamshukuru hata mtu wa kumwaga takataka. Siku ya saba anataka kuua watu. Mimi nina wazee ishirini na wawili hapa."

"Nisamehe, Matroni."

"Sitaki msamaha. Nataka kuelewa. Kwaya ikianza anakaa tu. Wimbo wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne, ametulia. Mkeo anasoma Neno, anawashika wazee mikono, mama yako anashikwa kama wengine na anacheka. Wimbo wa mwisho ukianza, basi."

Fundi hakuuliza ni wimbo gani. Matroni alifungua droo, akatoa kadi ya Mama. Kila mzee pale alikuwa na kadi: dawa zake, chakula kinachomdhuru, ndugu wa kuitwa, na chini kabisa mstari ulioongezwa kwa ombi la kwaya, *wimbo anaoupenda*. Ilikuwa hekima ya Mama Pacha mwenyewe. Wazee waliopoteza majina ya watoto wao hawakuwa wamepoteza nyimbo zao. Alikuwapo karani mstaafu ambaye hakumsemesha mtu tangu mwaka juzi, lakini wimbo wake ukianza aliimba beti zote bila kukosa neno, machozi yakimtiririka. Kwa ajili ya karani peke yake kwaya ile ilistahili kupewa shukrani, na aliyebeza huduma ile angekuwa mtu wa roho mbaya.

Mwisho wa kadi ya Mama, kwa mwandiko mzuri wa Mama Pacha, palisomeka: *Nyumba Hii Ina Taa*. Na kwa heshima ya mkwe, kwaya iliuweka wimbo huo uwe wa kufungia.

"Huu ndio aupendao?" Matroni aliuliza.

Fundi aliukumbuka usiku ambao kadi ilijazwa. Mkewe alimuuliza, kalamu mkononi, "Mama anapenda wimbo gani?" kisha akajijibu mwenyewe, "Ah, si ule wa Mzee," maana kanisani wote waliujua kwa jina hilo. Wimbo wa Mzee. Marehemu baba yake Fundi alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, jina lake limechongwa kwenye benchi la mbele, na wimbo ule ndio uliomsindikiza kaburini, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa umeusikia ukitoka nyumbani kwake jioni nyingi. Fundi alisema, "Andika unavyoona." Ndivyo alivyosema. Andika unavyoona.

Aliujua wimbo ule kuliko alivyolijua jina lake. Baba yake alikuwa na utaratibu. Akitaka kumpiga Mama, kwanza aliwaita watoto sebuleni, akawapanga mstari, akawaambia waanze. Ndipo alipoingia chumbani na kufunga mlango. Sauti ikilegea, alitoka na mkanda mkononi kuja kuwakumbusha. Majirani walisikia ibada ya jioni, na mchungaji wa wakati huo aliitaja nyumba ile katika mahubiri kuwa mfano kwa wengine. Fundi, akiwa mkubwa, ndiye aliyeanzisha, na ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Aliimba kwa nguvu kwa kuuogopa mkanda, na kwa kuwa akiimba kwa nguvu hakusikia kitu kingine.

"Fundi, nakuuliza."

"Kanisani wanaujua hivyo," alisema.

Matroni aliguna. Akasogeza karatasi nyingine mbele yake. Kwaya haikuwa tayari kuacha, alieleza. Mkewe alikuwa ameomba Alhamisi moja zaidi, waje na mchungaji. Yeye Matroni angekubali kwa sharti moja, kwamba Mama afungwe mikono kwenye kiti, kwa vitambaa laini, visivyochubua. Akileta ghasia tena, familia itamchukua siku hiyo hiyo.

"Na tukikataa asifungwe?"

"Mchukue leo."

Nyumbani kwa Fundi palikuwa na vyumba viwili. Kabla ya kuja hapa, Mama alikuwa ametoka nje mara nne akapotelea barabarani, na mara ya mwisho gari lilimkosa kwa kiganja. Fundi alisaini. Kalamu haikuandika vizuri, ikabidi apitishe jina lake mara mbili. Aliposimama, Matroni alilikunja gazeti la kwenye kiti akalitia kwenye ndoo ya taka.


"Ni pepo," Mama Pacha alisema.

Ilikuwa Jumatano, baada ya chakula. Walikuwa wawili mezani. Pacha, wasichana wa miaka kumi na miwili, walikuwa chumbani na madaftari yao. Wiki nzima Fundi alikuwa amejitia hamnazo, na wiki nzima mkewe alikuwa amefunga na kuomba. Mstari wa kucha usoni ulikuwa umeanza kukauka.

"Fikiri mwenyewe, Baba Pacha. Nyimbo nyingine zote anatulia. Wimbo mmoja tu ndio unaomchafua, na wimbo wenyewe ni wa mtakatifu. Pepo anaujua wimbo unaomchoma. Mchungaji amesema kesho tuuimbe mpaka atoke. Hata kama ni saa nzima."

"Usiimbwe."

"Kwa nini?"

"Nimesema usiimbwe. Imbeni mwingine."

"Wewe huji hata siku moja. Mimi ndiye ninayemlisha, ninayemwogesha, mimi ndiye niliyekwaruzwa." Alisema bila kupandisha sauti, hakuwa mwanamke wa kelele. "Mama yako nampenda, na unajua. Kama una sababu, nipe sababu."

Sababu ilikuwa palepale kooni. Angefungua mdomo tu. Lakini angeanzia wapi? Aanzie kwa baba aliyeimbiwa na watu mia nne kaburini, au aanzie kwa mtoto aliyesimama sebuleni akiimba? Aliikamata glasi yake akaizungusha mezani.

"Sina sababu."

"Basi niache nifanye kazi ya Mungu." Mama Pacha alianza kukusanya vyombo. "Mungu anisamehe kusema, lakini mzee wako angekuwa hai, angekwisha kumshika mkewe mkono akamwombea. Asingemwacha hivi. Ungekuwa na nusu ya moyo wa baba yako..."

Hakumaliza. Fundi alikuwa amesimama na mkono wake ulikuwa umekwisha kwenda. Mkono wa mtu anayebeba milango ya chuma tangu asubuhi si kitu cha mchezo. Mama Pacha aliangukia kabati, sahani zikamwagika, na akabaki chini na kiganja shavuni, akimtolea macho. Miaka kumi na minne ya ndoa, hakuwahi. Fundi alisikia kitu kikimwambia aongeze, na ukweli usemwe, mguu wake uliinuka. Aliupiga kwenye mlango wa kabati, ukapasuka katikati.

Kisha, huko chumbani, pacha wakaongeza sauti ya redio.

Waliiongeza taratibu, bila kusema neno, mpaka muziki ukajaa nyumba yote. Fundi alibaki amesimama juu ya vipande vya sahani. Hakuna aliyewafundisha watoto wale kufanya hivyo. Alitaka kwenda kuwaambia wapunguze, akashindwa hata kugeuka.

Mama Pacha aliinuka mwenyewe. Alichukua ufagio, akafagia vipande vyote, mpaka vile vidogo vya chini ya meza.

"Kesho saa tisa," alisema, mgongo ukiwa kwake. "Tutauimba."


Saa tisa kasoro Alhamisi Fundi alikuwa karakana, akikata chuma. Alikuwa ameharibu madirisha mawili tangu asubuhi. Saa tisa ilipofika aliizima mashine, akasikia jinsi karakana ilivyo kimya, na hapo akakata shauri. Alitoka mbio na ovaroli yake, glavu moja bado mkononi.

Aliusikia wimbo akiwa bado barabarani. *Nyumba hii ina taa, haizimwi na upepo.* Walikuwa wamefungua madirisha yote ya ukumbi.

Wazee walikuwa wameketi duara kama kawaida, wengine wakipiga makofi, na karani mstaafu akiimba kuliko wote, uso umemng'aa, kwa kuwa nyimbo zote sasa zilikuwa zake. Katikati ya duara palikuwa na kiti cha mbao, na juu ya kiti Mama, mikono imefungwa kwa vitambaa vyeupe. Mchungaji alikuwa amemwekea kiganja utosini, anasukuma. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, macho amefumba, poda nyingi shavuni.

"Toka," mchungaji alikuwa akisema. "Mwachie mama huyu. Toka."

Mama alipiga ukelele mmoja, akaupata mkono wa mchungaji kwa meno, na hakuuachia. Mchungaji alilia. Alivuta, na Mama akavutika naye, na kiti, na vitambaa, wote wakaenda chini. Kichwa cha Mama kiligonga sakafu, damu ikamtoka puani. "Msiache kuimba," mchungaji alipaza sauti kutoka pale chini, "sasa ndio anatoka," na kwaya, Mungu awasamehe, iliongeza nguvu.

Fundi aliingia kwenye duara. Alimshika mchungaji ukosi wa shati akamwinua akamtupa kwenye viti vitupu. Mchungaji alikwenda navyo mpaka ukutani. Wahudumu wawili walimrukia Fundi mgongoni. Mmoja alimpiga ngumi ya shingo, mwingine akamning'inia mkononi. Alijikung'uta akawaangusha wote wawili, akakipiga kinanda teke, kikaanguka na kulia sauti moja mbaya mpaka waya ukachomoka.

"Nyamazeni," alisema.

Kwaya ilinyamaza. Wazee waliacha makofi. Aliyeendelea alikuwa karani peke yake, kwa kuwa wimbo ukianza yeye hawezi kuuacha njiani. *Nyumba hii ina taa.* Fundi alimtazama, na hakuwa na la kumfanya. Ilibidi aseme juu ya sauti yake.

"Mama hana pepo. Wimbo huu tuliuimba akipigwa." Alihema. "Baba alitupanga sebuleni tuimbe, ili majirani wasisikie. Halafu akaingia chumbani na mkanda. Mkiusikia, mlikuwa mnasikia hilo. Alimvunja mkono kwa wimbo huu. Alimtoa mimba kwa wimbo huu. Na mimi ndiye niliyekuwa naanzisha."

Mmoja wa waimbaji, mama mtu mzima aliyewahi kuwa jirani yao, alikaa chini palepale sakafuni. Hakuna aliyemwambia Fundi kwamba anamsingizia marehemu. Karani alimaliza ubeti wa mwisho, akaweka mikono yake mapajani, akarudi kwenye kimya chake.

Fundi alipiga magoti akamfungua Mama. Kitambaa cha kwanza kilifunguka, na mkono wa Mama ukamtandika usoni. Akafungua cha pili. Mama alijiinua akaketi, akamtazama lile paji la uso, yale mabega, na hakumwona mwanawe. Alimwona mtu mwingine, aliyekufa miaka tisa iliyopita. Alimpiga kwa ngumi, kisha kwa kiatu chake, kisha kwa mguu wa kiti uliovunjika. Ulimpasua Fundi juu ya jicho.

Wahudumu walisogea. "Mwacheni," Fundi alisema. Aliiweka mikono yake nyuma, mmoja ukiwa bado na glavu, akabaki amepiga magoti.

Mama alipiga mpaka pumzi ikamwishia. Mguu wa kiti ukamponyoka. Alikaa akihema, damu ya pua ikimshuka mdomoni, na aliposema, alimsemesha yule aliyekuwa akimwona.

"Waambie watoto waache sasa. Yule mkubwa amekauka koo. Tangu jioni anaimba, hajapewa hata maji."

Fundi alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya mchungaji na kwaya na wazee ishirini na wawili, na hakuona haya.

Matroni alikuja mwenyewe. Aliviokota vitambaa viwili kutoka sakafuni, akavitia mfukoni mwa aproni yake, akasema havitatumika tena katika nyumba ile, na kadi ya Mama ataiandika upya kwa mkono wake. Alisema hivyo bila kumtazama mtu. Mchungaji alikuwa amekaa ukutani akifunga mkono wake kwa leso.

Mama Pacha hakumfuta mumewe damu. Alikwenda kwa Mama, akakaa sakafuni karibu naye, akalowesha ncha ya kanga yake kwa mate akaanza kumsafisha pua. Hakuomba wala hakuimba. Mama alimwacha amsafishe. Alikuwa ametulia, macho yake yamerudi, yanatembea polepole juu ya uso uliokuwa karibu yake, mpaka yakafika shavuni, pale ambapo jasho lilikuwa limeiosha poda na uvimbe ukaonekana, wa zambarau, wenye umbo la vidole.

Mama aliinua mkono. Mhudumu mwenye pengo alishtuka, lakini mkono ule ulikwenda taratibu, ukaligusa shavu kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Maskini," Mama alisema. "Na wewe, wanao huimbishwa wimbo gani?"

Mama Pacha aligeuka akamtazama mumewe, akangoja ajibu yeye.